Daftari la Ukuta Mweupe

Ukurasa wa kwanza hauna jina la filamu.
Una majina kumi na moja na elfu ishirini ishirini,
kila Jumapili, nyuma ya duka la cherehani, Magomeni Mapipa.
Upatu wetu ulikuwa wa vitenge na mabati
mpaka Ezekia Luvanda aliposema,
"Zamu yangu ikifika sinunui kitu. Nitapiga picha."
Tulicheka. Mama Nuswe hakucheka.
"Chukua na yangu," alisema. "Choo kitangoja."

Ndivyo kampuni ilivyozaliwa: kwa choo kilichongoja.

Mimi nilipewa kalamu kwa sababu ya mwandiko.
Kaunta buku, kwaya tatu.
Kamera ya kukodi kwa Chande, mpiga picha za harusi,
Jumatatu hadi Alhamisi tu; Ijumaa ni ya kicheni pati.
Kanda moja tuliiachia pengo,
basi katikati ya msiba, mjane akilia,
bibi harusi wa watu anatokea, anakata keki, anatoweka.
Buguruni, kwenye kibanda umiza,
walidhani ni kumbukumbu ya mjane.
Wengine walifuta macho.

Jina tulilipata kwenye mashine ya kusaga,
ukuta wa nyuma, tulioupaka asubuhi ya onyesho.
Chokaa mifuko miwili. Brashi ya katani moja.
Yote yameandikwa.

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili,
msambazaji alitupa soda na mkataba.
Milioni tatu na nusu. Haki zote. Milele.
Neno hilo, milele, sikujua niliweke safu gani:
halikuwa mapato, halikuwa matumizi.
Ezekia alisaini kwa kalamu yangu.
Siku ya tatu filamu ilikuwa kwenye mikokoteni,
mwezi wa pili ilikuwa Lubumbashi na Moroni,
na sisi tulikuwa Mapipa, tunagawana nauli.

Ya pili ilirudisha pesa. Ya tatu ilikula sofa.

Hii ya sofa niieleze.
Ilikuwa nyekundu, ya shangazi yangu Mwantumu,
na imecheza filamu zetu zote:
kwa tajiri tuliitandika vitambaa vyeupe,
kwa maskini tuligeuza mito, upande ulioungua kwa pasi.
Tulipokopa kwa riba, ndiyo iliyoandikwa dhamana.
Walipokuja kuibeba, Mwantumu alikaa chini sakafuni,
na Ezekia alisimama mlangoni,
vidole vinne vimefanya dirisha mbele ya jicho,
anapima mwanga.
Nilimchukia dakika nzima.
Kisha nikasogea, nisimzibe.

Baadaye sidii zikafa. Vibanda vikawa vya mpira.
Ezekia sasa anapiga picha za harusi, Ijumaa mpaka Jumapili.
Kampuni haijafa: kuifuta kwa msajili kunataka ada,
na ada hatuna.
Tunaishi kwa kukosa gharama za mazishi.

Juzi kijana wa jirani alinionyesha simuni
filamu yetu, imekatwa vipande vya dakika moja moja.
Watu laki mbili wameitazama.
Nikamuuliza, nani kalipwa?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.

Katika kipande kimoja Mama Nuswe anapita na ndoo.
Sekunde tatu. Hakuagizwa; alikuwa anakwenda kwake.

Choo kilijengwa mwaka wa tano, kwa pesa za vitumbua vyake.
Yeye amelala Tukuyu.
Kila Januari nanunua daftari jipya, na mstari wa juu ni uleule:
Mama Nuswe, zamu moja, laki mbili na elfu ishirini. Bado.

Nuswe hupiga simu sikukuu ikikaribia.
Haulizi pesa.
Anauliza ile kanda yenyewe, si ya simuni,
ile aliyomo mama yake, iko kwa nani.
Nafungua mkataba, nalisoma lile neno,
naukunja palepale ulipozoea kukunjwa.